Muhuri na Siku ya Mwisho

Kila kazi ya binadamu ina mpaka wake. Mkulima ana mpaka wa masika, mvuvi wa bondeni ana mpaka wa maji kupungua, msafiri ana mpaka wa jua kuchwa, na kijana aliyemaliza kidato cha sita ana mpaka uitwao siku ya mwisho ya maombi. Mipaka mitatu ya kwanza iliwekwa na maumbile, nayo haina upendeleo, kwa maana mvua haiulizi shamba ni la nani kabla ya kunyesha. Mpaka wa nne uliwekwa na watu; na kwa kuwa uliwekwa na watu, si utovu wa adabu kuuliza kama umewekwa kwa haki.

Kwa sura ya nje siku ya mwisho ni kitu cha usawa mtupu. Tarehe ni moja kwa mtoto wa tajiri na kwa mtoto wa mkulima. Saa ya kufunga ni moja kwa aliye Masaki, kando ya bahari ya Dar es Salaam, na kwa aliye Masagati, pande za juu za bonde la Kilombero. Majina ya mahali hapo pawili yanakaribiana kinywani, lakini siku zake hazikaribiani kwa urefu. Siku thelathini za Masaki ni siku thelathini. Siku thelathini za Masagati sharti kwanza zitolewe siku za njiani, siku za kumngoja mwenye muhuri aliyekwenda mkutanoni, siku za mtandao kuzimika, na siku za kutafuta nauli ya kurudia safari iliyokwisha kufanywa bure. Zinazobaki baada ya hesabu hiyo ndizo siku za kweli za mwombaji, nazo haziandikwi katika tangazo lolote.

Masagati ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, katika Mkoa wa Morogoro. Atokaye Ifakara hufuata bonde kuelekea kusini-magharibi, milima ya Udzungwa ikiwa kuliani kwake na uwanda wa mafuriko kushotoni, mpaka afike Mlimba. Na afikapo Mlimba huwa hajafika, kwa kuwa Masagati ingali mbele. Nchi hii ni tajiri wa maji kuliko wa barabara. Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Kihansi huleta maji yao bondeni, yakawa mto Kilombero, nao Kilombero hukutana na Luwegu ukazaliwa Rufiji. Mwaka 2002 uwanda wa Kilombero uliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, hupita Mlimba kabla ya kupanda kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki. Pembezoni mwa bonde hilohilo mtambo wa Kidatu una uwezo wa megawati 204 za umeme, na ule wa Kihansi megawati 180. Bonde limelisha nchi wali, limeitilia chai yake sukari, na limeiwashia taa. Walakini neema itokayo mahali si lazima irudi mahali hapo, na mtoto wa bondeni aweza kusoma kwa kibatari huku maji ya mito ya kwao yakiwasha taa za ofisi anayoiandikia ombi lake.

Kalenda ya maombi nayo ina tabia zake. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi Mei, na matokeo aghalabu hutangazwa Julai. Hapo vyuo vikuu hufungua madirisha ya udahili, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi yake karibu na majira hayo. Miezi hiyo Kilombero ni kiangazi, na mpunga umekwisha kuvunwa. Mgeni ataona ni bahati njema: njia ni kavu na ghala limejaa. Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba wakati wa mavuno kila mtu anauza, na kila mtu anapouza bei huanguka. Mwenye nafasi huweka gunia lake mpaka Januari au Februari, mchele unapoadimika. Mwenye mtoto wa kuombea chuo hawezi kungoja, kwa sababu dirisha halitamngoja. Kwa hivyo mtu wa Masagati hulipa ada moja mara mbili. Mara ya kwanza huilipa kwa shilingi zinazoonekana katika stakabadhi, na mara ya pili huilipa kwa bei aliyoikosa, ambayo haionekani popote.

Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2013, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria yaliporudishwa, vijana wengi waliomaliza kidato cha sita huwa kambini katika miezi hiyohiyo. Mwombaji yu gwarideni, na ombi lake liko nyumbani. Anayezunguka na bahasha chini ya kwapa ni mama, au mjomba, au kaka aliyeishia darasa la saba, ambaye sharti ajaze nafasi za karatasi asizozielewa vema kwa ajili ya elimu asiyopata kuionja. Ni nadra kwa kazi ya mtu mmoja kubebwa na mikono ya watu wengi kiasi hiki, na ni nadra zaidi kwa mikono hiyo kukumbukwa siku ya kuvaa joho.

Njia ya kuingia chuo kikuu haikuwa na sura hii siku zote. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache sana, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe masomo ya juu, naye aje na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2010 maombi ya vyuo yalianza kukusanywa katika mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 yakarudishwa kwa vyuo vyenyewe. Katika mageuzi hayo yote mlango umepanuka, na hilo ni la kushukuru. Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Watoto ambao babu zao hawakulijua jina la chuo kikuu leo hubishana wachague kipi. Lakini jambo moja halikugeuka: kila zama ilikuwa na muhuri wake, na kila muhuri ulikuwa na mahali pake pa kukaa, na mahali hapo hapakupata kuwa Masagati.

Maombi ya kijana wa leo ni mawili, na yafaa yatengwe. La kwanza ni la nafasi, la pili ni la fedha. La nafasi ni jepesi kwa kiasi chake. Aliyefaulu masomo mawili makuu kwa jumla isiyopungua pointi 4, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, ana sifa ya chini ya kuomba shahada, ingawa kozi nyingi hutaka zaidi ya hapo. Huandika namba yake ya mtihani, na matokeo hujitokeza yenyewe, kwa kuwa Baraza la Mitihani lina kumbukumbu zake. Ada huilipa kwa simu. Akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, hupelekewa namba ya siri katika simu athibitishe kimoja. Hapo hapana haja ya shahidi, kwa sababu serikali inamjua mtahiniwa wake.

Ombi la fedha lina tabia nyingine. Humo mwombaji sharti athibitishe kuwa alizaliwa, kuwa ni mhitaji, na kama ni yatima, kuwa mzazi wake alikufa. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ujulikanao kwa jina la RITA. Cheti cha kifo vivyo hivyo. Fomu itiwe saini na mdhamini mwenye kitambulisho, igongwe muhuri na kiongozi wa kijiji au mtaa, ithibitishwe na wakili au hakimu. Kisha karatasi hizo zipigwe picha na kurudishwa mtandaoni. Ombi kama hili huitwa ombi la mtandao. Kichwa chake kweli kiko mtandaoni, lakini miguu yake hutembea ardhini, na katika Kilombero ardhi ni ndefu.

Na achukuliwe msichana mmoja wa Masagati awe kielelezo. Jina lake halina kazi hapa, kwa sababu mambo yake ni ya nyumba nyingi. Amefaulu kemia kwa B, biolojia kwa C na jiografia kwa C, naye anataka kuwa mwalimu wa sayansi, kwa kuwa katika shule yake ya sekondari alipata kukaa mihula miwili bila mwalimu wa kemia, na njaa ya kitu humfundisha mtu thamani yake. Ombi la nafasi alilipeleka katika vyuo vitatu kwa siku moja, akiwa Mlimba, katika steshenari yenye mashine ya kuchapa na benchi la kungojea. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba. Hakujua kuwa alikuwa amemaliza shughuli ndogo, na kwamba kubwa haijaanza.

Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Alifia nyumbani, baada ya ugonjwa wa siku chache. Wanakijiji walimchimbia kaburi, wazee walimsindikiza, wanawake walipika matangani, na kwa siku tatu hapakuwa na mtu aliyepita njia ile bila kuinamisha kichwa. Kifo hicho kilikuwa na mashahidi mia mbili. Hakikuwa na cheti. Hapana aliyekitafuta, kwa sababu hapana aliyejua kuwa baada ya miaka tisa mtu wa mbali, aliyekaa mbele ya mashine, atataka kuambiwa kwa muhuri kile ambacho kijiji kizima kilikilia kwa machozi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema, kwa kuwa zama zao hazikuwahitaji kusema, kuwa hata msiba bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo la pili lilikuwa herufi moja. Katika cheti chake cha kuzaliwa jina la babu limeandikwa kwa R. Katika vyeti vya mitihani limeandikwa kwa L, kama mwalimu wa darasa la kwanza alivyolisikia kinywani mwa bibi yake. Kijijini herufi hizo mbili hubadilishana mahali bila kugombana, na hapana ukoo uliopata kupotea kwa sababu yake. Katika ofisi R na L ni watu wawili. Ili wawe mtu mmoja tena, sharti mtu aapishwe.

Hesabu ya safari zake ilikuwa hivi. Safari ya kwanza ilikwenda kwa mtendaji wa kijiji kutafuta barua ya kuthibitisha kifo; mtendaji alikuwa ameitwa halmashauri, akarudi siku ya tatu. Safari ya pili ilikwenda Ifakara, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako vizazi na vifo vya wilaya huandikishwa; akaambiwa barua haina muhuri wa kata. Safari ya tatu ilirudi Masagati kwa ajili ya muhuri huo. Safari ya nne ilikwenda tena Ifakara na muhuri, akaacha maombi ya cheti, akalala kwa jamaa siku tano. Katika kungoja alimpata wakili wa kumwapisha juu ya R na L. Cheti cha kifo kilipotoka alikipiga picha akakipeleka RITA kihakikiwe, na hapo ndipo miguu ilipokoma kuwa na faida, kwa maana kilichobaki kilikuwa cha kungojwa tu. Magunia mawili ya mpunga yalikuwa yamekwisha kugeuka nauli, ada na chakula cha njiani. Siku zilizobaki zilikuwa mbili.

Mlezi wake ni baba yake mdogo, mtu wa maneno machache, aliyemfuata Mlimba kwa bodaboda ili atie saini yake ya udhamini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Umepata?”

“Kiapo nimepata. Na cheti cha marehemu kimetoka. Uhakiki ndio bado, wanasema tungoje.”

“Tungoje mpaka lini? Si kesho kutwa ndiyo mwisho?”

“Ndiyo, baba.”

Kijana wa steshenari, ambaye kwa wiki tatu alikuwa ameona nyuso nyingi za namna hiyo, aliwahurumia akatoa shauri. Alisema hapana haja ya kungoja. Ajaze kuwa baba yu hai, kazi yake mkulima. Fomu itapita leo hii. Mkopo huenda ukawa mdogo kuliko wa yatima, lakini dirisha halitamfungia nje. Wengi walifanya hivyo, alisema, na hapana aliyekamatwa.

Shauri hilo halikutoka katika moyo mbaya. Aliyelitoa alitaka kuokoa, na aliyepewa alikuwa anazama. Msichana alimtazama baba yake mdogo, kwa kuwa saini ya chini ya karatasi ingekuwa yake.

“Mwanangu,” alisema baada ya kimya kirefu, “kaka yangu nilimzika kwa mikono hii. Nikiandika hapa kuwa yu hai, nitapitaje mbele ya kaburi lake?”

“Na nikikosa chuo, baba?”

“Hapo sina jibu, mama.”

Hawakuandika. Walikaa Mlimba siku mbili, wakitazama simu kama wavuvi wanavyotazama maji yasiyotikisika. Jioni ya siku ya mwisho tangazo likatoka kuwa muda umeongezwa, jambo ambalo Bodi imepata kulifanya zaidi ya mara moja katika miaka iliyopita. Siku ya nne ya nyongeza uhakiki ukaja. Fomu ikatiwa saini, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha, ikaenda. Na baba mdogo akarudi Masagati kuvunja mahindi yaliyokuwa yamesalia shambani.

Msomaji aweza kufurahi kwa mwisho huo, na furaha yake ni halali, lakini isimlaze usingizi. Haki iliyofika kwa sababu muda uliongezwa ni haki iliyofika kwa bahati. Nyongeza ni rehema ya mwenye kutoa, na rehema haidaiwi kama deni. Kadhalika habari ya nyongeza husafiri kwa njia ilezile za habari ya kwanza: humfikia upesi aliye karibu na mtandao, na humfikia aliye mbali baada ya kuwa amekwisha kukata tamaa na kurudi kwao. Nyumba ya jirani, penye kisa kilekile, huenda walilifuata shauri la steshenari. Na hapo taifa lilipata mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kumbukumbu ya uongo katika daftari lake, na mwanafunzi aliyejifunza kabla ya somo la kwanza kuwa uongo ndio ufunguo wa mlango wa elimu. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Wako watakaosema kuwa lawama yote ni ya waombaji, na neno lao lisitupwe. Uzembe upo. Wako vijana wenye mtandao mkononi usiku na mchana ambao huanza kutafuta cheti cha kuzaliwa wiki ya mwisho, wakitumaini nyongeza kama mtoto atumainiavyo mama atabadili neno. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na anayeumia kwa hiari yake hastahili kilio kirefu. Lakini uchelewaji ni wa namna mbili, wa uvivu na wa umbali, na ubaya wa mashine ni kwamba haiwezi kuutenga mmoja na mwingine. Ombi la aliyelala na ombi la aliyetembea huweza kufika pamoja, dakika mbili kabla ya saa sita ya usiku, nayo yakaonekana ndugu.

Wako pia watakaosema kuwa muhuri wenyewe ndio adui, uondolewe. Hilo si kweli. Fedha za mkopo ni fedha za umma, na hazitoshi kila mwenye haja. Kama neno tupu lingetosha kuthibitisha uyatima, mayatima wangezidi makaburi, na mtoto wa mwenye nguvu angeketi katika kiti cha mtoto wa marehemu huku akisindikizwa na baba yake kwa gari. Muhuri ni ukuta wa kumlinda mnyonge. Kosa ni kuujenga ukuta huo usiku wa kuamkia vita, na kumtaka mnyonge mwenyewe abebe mawe kutoka mbali.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Vipande vya karatasi vilivyomtesa msichana huyu Julai na Agosti havikuzaliwa Julai wala Agosti. Cheti cha kifo kilikuwa cha kutolewa mwezi ule baba yake alipozikwa. Herufi ya R au L ilikuwa ya kusahihishwa darasa la kwanza, au kwa uchache kidato cha kwanza, pale kalamu moja ingetosha, kabla haijanakiliwa katika vyeti vya mitihani viwili na kuwa jambo la kiapo. Kwa hakika siku ya mwisho ya maombi yake ilipita miaka mingi kabla siku ya kwanza haijatangazwa. Wala hapana aliyemwambia kuwa inapita.

Kwamba jambo hili lawezekana kurekebishwa, ushahidi uko katika bonde hilohilo. Ifakara kuna watafiti wa afya ambao kazi yao ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy, ikakua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1996 wameandika, nyumba kwa nyumba, vizazi na vifo vya vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga, ili sayansi ijue nani amezaliwa, nani amekufa na kwa nini. Waandishi wao walipita njia hizohizo, katika matope hayohayo. Ikiwa elimu ya malaria iliweza kuufikia mlango wa mkulima na daftari, serikali ya mkulima haikosi njia ya kuufikia na cheti. Nayo imekwisha kuanza: mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, karibu na wanakokaa, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013 ukaenea katika mikoa mingine. Mtoto aliyepewa cheti kabla ya kuota meno yote hatakitafuta akiwa na miaka ishirini.

Lililobaki ni kuyafanyia mauti yale yaliyofanyiwa uzazi. Cheti cha kifo kimfuate mfiwa nyumbani, kabla ya arobaini kwisha, na kisingoje siku atakapokihitaji kwa haraka. Shule za sekondari ziweke somo fupi la karatasi katika kidato cha tatu: kila mwanafunzi alete cheti chake, jina lisomwe herufi kwa herufi mbele ya mzazi au mlezi, na lililopotoka lipelekwe kunyooshwa kungali na wakati. Mtendaji aitwapo mkutanoni katika miezi ya maombi, muhuri ubaki kwa mtu. Na wapangao kalenda wahesabu siku kuanzia mlango ulio mbali kuliko yote, kama mwenye kugawa maji ya mfereji anavyohesabu kuanzia shamba la mwisho; kwa kuwa maji yakifika huko, mashamba ya karibu yamekwisha kunywa.

Hayo yote si mambo ya gharama kubwa. Yanataka kalamu, daftari na mtu wa kukumbuka. Kijiji kimekwisha kutoa sehemu yake: kimemlea mtoto, kimemzikia baba, kimeuza mpunga kwa bei ya hasara, na mzee wake amekataa kutia saini ya uongo ingawa ingemfaa mtoto. Mtu aliyeilipa kweli kwa bei hiyo anaidai ofisi kitu kimoja tu, nacho ni kwamba kweli yake iwe imekwisha kuandikwa siku atakapoulizwa.